Mbinu za kuvulia besi zinafaa kwenye mikoko na mawe ya Dar?

Kijana_wa_Kitunda

Wakuu, salaam. Shemeji yangu karudi kutoka Marekani na kaniletea zawadi ambayo sikuitegemea: fimbo ya kuvulia ya futi 7, rili yake, na kisanduku kilichojaa minyoo ya mpira, machubwi (vile vizito vya kuzamishia mshipi) yenye umbo la risasi na visamaki bandia vya kila rangi. Kule yeye na wenzake wa kazini wikiendi ikifika wanakwenda ziwani kuvua samaki wa maji baridi anaitwa besi, yule mwenye mdomo mpana. Tangu nipate hiki kisanduku naangalia video za besi mpaka bando linakata.

Nilichoelewa ni kwamba besi hafukuzwi. Anajibanza kando ya gogo, chini ya magugu au kwenye kivuli cha gati, anasubiri kitu kidogo kipite. Mvuvi anatupa chambo jirani na maficho, anakivuta taratibu, basi.

Sasa sisi Dar hatuna besi, tuna bahari. Nimekwenda Coco jioni moja maji yamekupwa, kila nikitupa navuta majani, nikitupa tena nanasa kwenye jiwe. Pembeni yangu kulikuwa na jamaa ana mshipi wa mkononi na vipande vya ngisi, anatoa changu bila haraka yoyote.

Naomba mnieleweshe. Hii mipira inaweza kumdanganya samaki wa bahari? Mtu asiye na boti aende wapi? Na maji yawe yanajaa au yanatoka?

---

Chubwi_la_Kunduchi

Mkuu, karibu kwenye uvuvi. Ushauri wangu ni mfupi: kisanduku kiweke kabatini. Nenda soko la samaki la Feri alfajiri, nunua ngisi mbichi, mkate vipande virefu vyembamba. Ndoano ndogo, chubwi la kutosha kushika chini, na mshipi mkononi ili usikie kila anayegusa. Changu anatafuta kwa pua, na usiku anakula vizuri kuliko mchana. Mpira hauna harufu.

Samaki bandia na sisi tunao, ila tunawatumia kurambazia. Chombo kinakwenda, mshipi unafuata nyuma, nguru na kolekole wanaukimbilia. Ukiwa umesimama nchi kavu huwezi kupata mwendo ule.

---

Fundi_wa_Kijichi

Kijana wa Kitunda, usikiweke kabatini! Naomba unisome mpaka mwisho, hili jambo nalipenda sana na nimelifuatilia.

Nakubaliana na Chubwi kuhusu changu. Kwa changu, ngisi anashinda. Lakini chambo hai na chambo bandia si dini mbili. Rekodi ya dunia ya besi iliwekwa na George Perry kule Georgia mwaka 1932, samaki wa ratili 22 na aunsi 4, zaidi ya kilo 10, na alimpata kwa samaki bandia. Ilikaa miaka 77 bila mtu kuigusa. Mwaka 2009 Manabu Kurita akatoa mwingine ziwa Biwa, Japani, ikahesabiwa wamelingana, na yeye alitumia kisamaki hai. Kwa hiyo swali la kuanza nalo ni moja tu: unayemtaka anakaa wapi, na chakula kinamfikaje? Chambo kitafuata.

Hapo ndipo mbinu za besi zinapotufaa. Besi ni mviziaji, na sisi tunao waviziaji wetu. Chewa ni mviziaji hasa, anakaa shimoni au kwenye mizizi na anatoka kwa mruko mmoja. Kolekole ni mkimbiaji, lakini naye anajua mahali chakula kinapobanwa. Mzia hivyo hivyo, anaelea kimya pembeni ya mkondo kisha anachoma.

Na sisi tuna kitu ambacho mvuvi wa besi hana. Ziwa lake halijai wala halikupwi. Inabidi azunguke na boti kutafuta samaki wamehamia wapi. Kwetu bahari yenyewe inamletea samaki chakula kwa saa. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji ya Dar yanafika juu karibu na saa 10, alfajiri na jioni, na yanakupwa karibu na saa 4. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Piga hesabu: siku moja hivi baada ya mwezi kuandama, maji yamejaa kwenye saa 11 jioni, na yanaanza kutoka wakati jua linazama. Saa ambayo kila mviziaji anapenda kuwinda inaangukia kwenye mkondo wenye nguvu. Hiyo nafasi mimi siiachi, hata kama kuna harusi mtaani.

Siku hizo tofauti ya kujaa na kupwa inazidi mita 3. Maji mafu, yale ya siku za nusu mwezi, hayafiki hata nusu ya hapo, na mkondo unakuwa mvivu. Ukienda maji mafu na mipira yako utarudi unasema mipira haifanyi kazi.

Mahali pangu ni mikoko ya hori la Mzinga, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, upande huu wa Mtoni Kijichi. Maji yakijaa yanaingia ndani kabisa ya mizizi, na kamba wachanga na mikizi wadogo wanaingia nayo kula. Yakianza kutoka, wote hawana njia ila vile vijifereji vya matope vinavyomwaga kwenye mkondo mkubwa. Tafuta mdomo wa kijifereji kimoja. Angalia maji kwa makini na utaona mstari: upande mmoja yanakimbia, upande wa pili yametulia. Mviziaji yuko kwenye yaliyotulia, kichwa kimeelekea kunakokuja chakula. Ukiona mikizi inaruka bila sababu, ipo sababu.

Usitupe juu ya kichwa chake. Tupa ndani ya kijifereji, juu ya mkondo, acha mpira ushuke na maji kama kamba aliyechoka. Kazi yako ni kuhakikisha mshipi haulegei. Ukivuta kama unavyoona kwenye video utakuwa unapeleka kamba dhidi ya mkondo, na hakuna kamba mchanga mwenye nguvu hizo.

Kuhusu majani ya Coco, dawa imo kwenye kisanduku chako. Lile chubwi la risasi lina tundu katikati. Pitisha mshipi, kisha funga ndoano ile iliyokunjwa karibu na tundu lake. Choma kichwa cha mnyoo, utoe ncha, vuta mpaka kichwa kikae kwenye lile kunjo, geuza ndoano, halafu ncha irudishe ndani ya mwili wa mnyoo isionekane. Itapita kwenye majani na mizizi bila kushika. Akibana, usikurupuke. Subiri usikie uzito wake, ndipo unyanyue fimbo kwa nguvu, maana ncha inatakiwa itoboe mpira kwanza, halafu taya.

Rangi: masika na baada ya mvua, maji yakiwa ya matope, tumia mpira mweusi au zambarau, kivuli chake ndicho kinachoonekana. Kipindi cha kaskazi maji yakiwa safi, rangi ya kamba. Na harufu anayoisema Chubwi ni kweli tupu: mimi mnyoo wangu naupaka utumbo wa ngisi.

Jambo la mwisho, chewa. Akishika, sekunde chache za mwanzo ndizo zote. Anageuka na kurudi kwenye mizizi, akiingia umemkosa. Jioni moja mwaka jana niliona maji yanavimba pembeni ya mzizi, sikusikia hata mguso, mshipi ukaanza tu kwenda kando. Nilinyanyua, fimbo ikapinda mpaka kwenye mpini, nikarudi nyuma kwenye matope nikiwa nimeibana kifuani maana kuzungusha rili kulikuwa hakuwezekani. Alipotoka juu kifua chake kilikuwa kipana kuliko paja langu. Breki ya rili nilikuwa nimeikaza kabla ya kutupa, na kwenye ncha nilifunga pima moja ya nailoni nene. Bila hivyo viwili angebaki alipo.

Nilimrudisha majini. Chewa wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi wakishakuwa wakubwa ndipo wanageuka madume. Ukimaliza wakubwa wote kwenye hori moja umewaacha majike peke yao. Kolekole nabeba nyumbani kwa moyo mweupe, mke wangu anampaka nazi, lakini chewa mkubwa wa mikoko namwachia.

---

Chubwi_la_Kunduchi

Fundi, hapo kwenye mkondo umesema sawasawa na wazee wetu. Bado mimi ni mtu wa ngisi, ila hiyo ya kuficha ncha ya ndoano nitaijaribu na kipande cha ngisi, kwetu mawe yanakula chubwi nyingi mno.

Mdogo wangu wa Kitunda, nyongeza moja. Mwezi wa 6 hadi wa 8 kusi linapiga kweli, na Coco na ufukwe wote wa nje unakuwa mgumu kwa mtu wa fimbo. Miezi hiyo nenda ndani ya hori kama alivyosema Fundi.

---

Kijana_wa_Kitunda

Wakuu, sijui niwashukuru vipi. Fundi, hesabu ya mwezi na saa nimeiandika kwenye daftari.

Mawili yamebaki. Kwenye video wanamshika besi kwa kidole gumba ndani ya mdomo, taya ya chini, anatulia kabisa. Na huku nifanye hivyo? La pili, kuna rafiki anataka tuchange boti ya kwenda Mbudya tukavulie kule kwenye matumbawe. Inaruhusiwa?

---

Mama_wa_Mjimwema

Mwanangu, kidole chako usikipeleke popote! Mimi nakaanga samaki Kigamboni miaka mingi na kabla ya hapo nilikuwa navua na marehemu mume wangu, vidole vya vijana nimevifunga vitambaa sana. Huyo besi wenu nasikia meno yake ni mikwaruzo tu. Mzia ana visu. Chewa naye ana meno madogo makali, na mashavu yake yana miiba. Nunua koleo ndefu ya kutolea ndoano na kitambaa kizito cha kumshikia. Mahali penye mzia, tanguliza kipande cha waya mbele ya ndoano, nailoni anaikata mara moja.

Hongwe, yule kambale wa baharini, akinasa, na kwenye matope atanasa, ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, ina sumu. Mkanyage kwa kiatu, mtoe kwa koleo. Ukiingia majini vaa viatu vigumu na utembee kwa kuburuza miguu ili taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, asikie na aondoke. Ukichomwa, loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, yanapunguza maumivu, huku mnatafuta usafiri wa hospitali.

Bunju, yule samaki mwenye sumu anayejivimbisha, usimle na usimpe paka. Na wale wanaovua mdomoni mwa Msimbazi, chini ya daraja, samaki wale mimi siwakaangi. Mto ule unabeba maji machafu ya nusu ya jiji.

---

Fundi_wa_Kijichi

Shikamoo mama, umenisaidia kusema yote.

Mbudya hapana. Mbudya, Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu ya bahari tangu 1975, kuvua hairuhusiwi. Nenda kuogelea, ule chipsi, urudi. Mimi naunga mkono kwa moyo wote. Pwani hii imepigwa baruti miaka mingi, matumbawe yakawa kifusi, na samaki wanahitaji mahali ambapo hakuna mtu anayewafuata ili watoto wao watufikie huku.

Kwingine kote, kabla hujatupa, pita kwa afisa uvuvi wa manispaa uulize habari ya leseni, na ukifika ufukweni wasalimie watu wa BMU, kile kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa ufukweni. Mimi nilipoanza Kijichi, wenye mitumbwi ndio walionionyesha kijifereji cha kwanza. Mgeni mwenye fimbo ya kung'aa anayepita bila salamu haonyeshwi kitu.

---

Kijana_wa_Kitunda

Shikamoo mama, asante sana. Koleo nimeshanunua leo Kariakoo, na waya. Mbudya nimemwambia rafiki yangu tuache.

Fundi, rili hii shemeji aliitumia ziwani tu. Chumvi haitaiua?

---

Fundi_wa_Kijichi

Itaiua ukiiachia. Ukirudi, usiku huohuo, kaza breki ili maji yasiingie ndani, imwagie maji ya bomba taratibu bila presha, ifute, ilegeze breki, iache ikauke kivulini. Kila baada ya muda tone la mafuta ya cherehani kwenye mpini na pale mshipi unapopita. Ndoano ulizozitumia usizirudishe kwenye kisanduku zikiwa na maji, kutu ya moja inahamia kwa zote. Na kama mshipi uliomo ni ule mwembamba wa ziwani, badilisha uweke wa ratili 30 kabla hujaja.

Mwezi ukiandama, kesho yake nitakuwa Kijichi kuanzia saa 10 jioni. Njoo na viatu vigumu na taa ya kichwani. Utumbo wa ngisi nitaleta mimi.