Siku nne za baiskeli mwezi wa Juni: Norfolk, Cotswolds au Way of the Roses?

MtotoWaRuangwa (Leicester)

Habari zenu wakuu. Mimi na mama watoto tumepata siku nne mwezi wa Juni, watoto watabaki kwa shangazi yao. Tunataka kusafiri kwa baiskeli, kulala vijijini, na kupita njia ambazo gari likipita unageuka kuliangalia. Baiskeli zetu ni za kawaida, zina keria na mikoba ya pembeni. Mimi milima naiweza. Mwenzangu ndiyo kwanza amerudi kwenye baiskeli mwaka jana, na kipimo chake ni maili 30 kwa siku. Nimebaki na majina matatu, yote hapa Uingereza: kaunti ya Norfolk, vilima vya Cotswolds, na njia ya baiskeli ya Way of the Roses. Picha za kote zinavutia, kwa hiyo picha hazinisaidii kuchagua. Nani amepita huko mwenyewe?

Mvita_Bradford

Asalaam aleikum ndugu yangu. Way of the Roses nimeimaliza mara mbili, na sijawahi kufanya safari nzuri kuliko hiyo katika nchi hii. Unaanzia Morecambe, bahari ya magharibi, unamalizia Bridlington, bahari ya mashariki. Jumla ni maili 170. Ilifunguliwa mwaka 2010 na vibao vyake vimewekwa vizuri. Wengi huanzia magharibi kwa sababu upepo wa huku mara nyingi hutoka upande huo, unakusukuma mgongoni.

Lakini nikimfikiria shemeji, nasita. Ukitoka Settle, barabara inasimama mbele yako kama ukuta. Mimi nilishuka nikasukuma. Halafu kuna mlima wa Greenhow, na baada yake mteremko wa kuingia Pateley Bridge, mkali mno, ukiwa na mizigo unashuka huku vidole vimeganda kwenye breki. Ukishafika Ripon mambo yanatulia mpaka York. Sasa piga hesabu: maili 170 kwa siku nne ni zaidi ya 42 kila siku, na hizo si za tambarare.

Jingine, kwa Waislamu wenzangu: Yorkshire maduka mengi ya samaki na chipsi hukaanga kwa mafuta ya ng'ombe. Uliza kabla hujaagiza.

KaziNaPedeli (Swindon)

Mkuu, mimi Cotswolds naenda karibu kila mwezi. Ni kuzuri kweli, zile nyumba za mawe ya rangi ya asali zipo hivyohivyo kama kwenye picha. Ila ukisema unataka utulivu, lazima ujue pa kupita. Bourton-on-the-Water Jumamosi ya Juni ni mabasi ya watalii, foleni, na watu wamejaa pande zote za mto. Na barabara ya A429, ile ya Kirumi iliyonyooka kutoka Moreton-in-Marsh kupitia Stow, usiiguse kabisa kwa baiskeli. Ivuke tu, uendelee na safari yako.

Ukishaivuka kuelekea magharibi, Naunton, Guiting Power, Upper Slaughter, hapo utasikia mnyororo wako mwenyewe. Vilima vyake si virefu lakini ni vingi: unashuka mtoni, unapanda, unashuka tena mtoni. Stow yenyewe iko juu, ukitokea upande wowote utapanda. Na malazi ya Juni ni ghali. Kama mtaenda, nendeni Jumatatu hadi Alhamisi.

BintiTanga_Norwich

Kaka, mlete wifi huku Norfolk. Nakwambia kwa sababu na mimi nilijifunza tena baiskeli ukubwani, kwenye njia hizihizi.

Shukeni treni King's Lynn, mshike Njia ya Taifa ya baiskeli namba 1 hadi Norwich. Inapita Castle Rising, penye ngome ya karne ya 12, inapita Sandringham, halafu vijiji vya Burnham, halafu ndani ya bustani kubwa ya Holkham ambako paa wanakula majani na hawahangaiki nawe. Kutoka hapo hadi Wells-next-the-Sea ni karibu, mnaweza kuziacha baiskeli mkatembea mchangani. Kisha inageukia bara, Walsingham, mji mdogo wa mahujaji. Mkiwa Wakatoliki mtapenda kusimama kidogo kwenye kanisa dogo la Slipper Chapel nje ya mji. Sehemu ya mwisho ni Marriott's Way, tuta la reli ya zamani lililofanywa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu, kuanzia Reepham mpaka mjini Norwich. Mvua ikinyesha pana tope, lakini gari hakuna hata moja.

Safari nzima haifiki maili 100. Sehemu ya juu kabisa ya kaunti yote haifiki mita 110. Siku nne mtaenda polepole, na hiyo ndiyo raha yenyewe: kuingia kanisa la kijiji lenye mnara wa mviringo, kununua mayai kwenye kisanduku mlangoni kwa mtu, unaacha hela humohumo.

Kibaya chake ni upepo. Huko ufukweni ukivuma kutoka baharini utapiga pedeli tambarare kama unapanda mlima. Ukiwa hivyo, mwache wifi akae nyuma yako.

MtotoWaRuangwa (Leicester)

Asanteni sana. Dada wa Tanga, nina maswali. Hizo njia nyembamba zenye ua wa miti pande zote, magari hukimbia kiasi gani? Na pancha?

Mvita_Bradford

Upande wa kushoto tumezoea tangu kwetu, hilo halina shida. Ila angalia kile kibao cheupe cha duara chenye mstari mweusi wa mshazari. Kwenye njia ya namna hiyo maana yake ni maili 60 kwa saa, hata kama upana wake ni wa trekta moja. Wenyeji hawaendi hivyo, lakini mgeni huenda. Muongozo wa barabara wa mwaka 2022 unamtaka dereva akupite kwa nafasi ya mita 1.5 angalau, na kama njia haitoshi, asubiri. Kaa mbali na majani ya pembeni ili akuone mapema.

BintiTanga_Norwich

Huku kwetu baadhi ya njia zina vibao vya "njia tulivu", yaani dereva ajue anashirikiana njia na baiskeli na waenda kwa miguu. Kaskazini mwa Norfolk ni kati ya sehemu za kwanza kuujaribu mpango huo. Kuhusu pancha, Juni ni salama. Ua hukatwa baada ya ndege kumaliza kulea vifaranga, kuanzia Septemba, na hapo ndipo miiba hujaa barabarani. Novemba moja nilipata pancha tatu kwa siku, viraka vikaniishia. Juni shida ni nyingine: ua umerefuka, konani huoni mbele. Piga kengele.

Halafu kuleni mapema. Baa nyingi za vijijini hufunga jikoni saa nane au saa tisa mchana hadi saa kumi na mbili jioni. Na kwenye ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa, njia ya farasi mnaruhusiwa kupita kwa baiskeli, hiyo ni sheria ya mwaka 1968. Njia ya miguu hapana.

Ziwa_Kivu (Hereford)

Ndugu, mmeisahau Herefordshire. Kuna mzunguko wa maili 40 kuanzia Leominster, Pembridge, Eardisland, Weobley, vijiji vya nyumba nyeupe zenye mbao nyeusi. Watalii ni wachache kuliko Cotswolds. Kwa siku nne ni fupi, lakini kwa wikiendi ni safi sana.

KaziNaPedeli (Swindon)

Naunga mkono. Na kwa huyu mama aliyerudi juzi kwenye baiskeli, mimi mtu wa Cotswolds nasema Norfolk.

MtotoWaRuangwa (Leicester)

Nimemsomea mwenzangu majibu yote. Alipofika kwenye paa na mayai, akasema hapo hapo. Tutapanda treni hadi Ely, tubadilishe kwenda King's Lynn, turudi kutokea Norwich. Malazi ya Burnham na Walsingham nimeshayalipia, tunaanza Jumatatu.

Mvita, Way of the Roses naiweka mwakani, bila mama watoto. Una nafasi?

Mvita_Bradford

Ninayo. Anza kwa kubadilisha raba za breki.