Kichwa na Trela

Kikundi: Nyumba ya Mikindani. Jumatano jioni.

[19:42] Salim: Asalaam aleikum nyote. Niko foleni ya mizani Mariakani na haisongi, kwa hivyo nasema sasa kabla sijaingiwa na uoga. Tajiri ataka kuniuzia gari ninayoendesha. Kichwa na trela, milioni 3.2. Natoa laki 8 mkononi, iliyobaki namlipa 120,000 kila mwezi kwa miezi 20. Naombeni shauri.

[19:43] Hamisi: Weee! Kaka amekuwa tajiri! Nyuma ya trela tuandike nini?

[19:43] Zuhura: Waaleikum salaam. Hamisi tulia kwanza.

[19:45] Mama: Waaleikum salaam mwanangu. Laki 8 watoa wapi

[19:46] Salim: Nina 350,000 kwa sacco Mama. Na lile shamba la Mazeras, tukiuza nusu

[19:46] Mama: Shamba la babako?

[19:47] Salim: Nusu tu Mama.

[19:48] Shangazi Fatuma: Ambao hawajatoa mchango wa arusi ya Mwanaisha kesho ndiyo mwisho. Mchele ushapatikana bado nyama

[19:49] Shangazi Fatuma: Haya samahanini sikuona kuna mazungumzo

[19:53] Salim: Hesabu yangu hii hapa. Mombasa mpaka Nairobi kilomita 480. Kupanda na mzigo gari yala lita moja kwa kilomita 2, hiyo ni lita 240. Kushuka tupu kilomita 3 kwa lita, 160. Jumla lita 400. Tuseme dizeli 170, ni 68,000. Kontena moja twalipwa 95,000. Toa pesa ya taniboi msaidizi wangu, chakula, pakingi na vijimambo vya njiani, nabaki na 20,000 safi. Tripu 8 kwa mwezi ni 160,000. Nalipa tajiri, 40,000 yabaki nyumbani. Na mshahara wangu leo haufiki huko.

[19:54] Hamisi: Na ukipata mzigo wa kushuka je? Chai yote ya mnada yaja Mombasa, mtu wa Kericho yuataka lori kila siku

[19:56] Salim: Ndiyo nasema. Hapo faida yarudi mara mbili.

[19:58] Zuhura: Chai ina wenyewe Kaka. Kampuni zina kandarasi, wewe mwenye gari moja utapitia kwa dalali, naye atakula chake. Mimi hapa ofisini kila siku naona wenye gari mojamoja wakifuatilia malipo. Wengine mzigo ulifika zamani, waambiwa wangoje siku 60. Dizeli wamelipa taslimu.

[20:04] Ami Juma: Mjukuu ndiye aandika, mimi nasema. Salim, mimi nilinunua kichwa mwaka 2016. Mwaka wa kwanza nilikula vizuri sikatai, hili paa mwaliona niliezeka kwa pesa za lori. Januari 2018 treni ya SGR, hii reli mpya, ikaanza kubeba mizigo. Halafu likaja lile agizo la serikali, kontena zipande reli mpaka Embakasi kule Nairobi, mwenye mzigo atake asitake. Gari yangu ilikaa Miritini mpaka paka akazaa chini ya trela. Benki haikuuliza habari za paka. 2019 watu wakaandamana hapa mjini, 2020 Mahakama Kuu ikasema agizo lile si halali, Septemba 2022 rais mpya siku ya kuapishwa akarudisha kazi za bandari Mombasa. Vyema. Lakini mimi nilikuwa nishauza 2019, kwa bei ya vyuma chakavu. Sikwambii usinunue. Nakuuliza tu, gari ikisimama wiki tatu, hiyo 120 yatoka wapi? Mjukuu hapa ataka nimalize aangalie mpira.

[20:06] Hamisi: 😂 Ami na paka wake

[20:07] Salim: Nakuelewa Ami. Lakini agizo lile halipo tena. Mzigo upo.

[20:09] Mjomba Mbarak: Mimi nauliza upande wa dini. Kuna riba hapo?

[20:11] Salim: Hapana Mjomba. Ningekuwa na pesa taslimu ni 2.8, kwa kulipa kidogo kidogo ni 3.2. Bei moja, haiongezeki.

[20:13] Mjomba Mbarak: Bei ikiwa imekatwa siku ya mapatano haina neno. Angalia asiweke faini ya kuchelewa, hapo ndipo penye shaka. Na iandikwe, mbele ya mashahidi.

[20:20] Rehema: Baba Nasra, naomba niseme.

[20:20] Salim: Sema Mama Nasra

[20:24] Rehema: Hizo tripu 8 ni za nani? Mimi nina kidaftari hapa. Nilianza kuandika siku unazorudi kwa sababu ya Nasra, alikuwa akiuliza kila asubuhi. Mwezi wa sita umerudi mara 5. Wa saba mara 4. Wa nane mara 6. Tripu 15 kwa miezi mitatu. Kwa hesabu yako mwenyewe ya 20,000 ni laki 3. Na tajiri angekudai 360,000. Bado sisi hatujala, na hakuna tairi iliyopasuka.

[20:25] Zuhura: Lo

[20:26] Hamisi: Shemeji ni mhasibu na hatukujua

[20:31] Salim: Mwezi wa saba ni bandarini palikuwa na foleni. Si kila mwezi.

[20:32] Rehema: Sawa. Wa sita je?

[20:38] Ami Juma: Tairi ngapi hiyo?

[20:39] Salim: 22 Ami.

[20:39] Ami Juma: Mm.

[20:41] Zuhura: Kaka na logibuku, hati ya umiliki wa gari, iko kwa nani?

[20:42] Salim: Yabaki kwake mpaka nimalize. Ni kawaida.

[20:45] Zuhura: Ni kawaida ndiyo, ndipo watu waliapo. Ikiwa alichukulia mkopo, jina la benki limo pale pamoja na lake. Yeye akishindwa kulipa, madalali wa mnada waichukua gari hata kama wewe umelipa miezi 19. Nitumie namba ya gari, natafuta kwa eCitizen, ile tovuti ya serikali, ni 550 tu.

[20:46] Salim: Nakutumia kando.

[21:10] Zuhura: Imekuja. Majina mawili. La tajiri wako na la benki.

[21:11] Hamisi: Duh

[21:11] Mama: Maana yake nini Zuhura

[21:13] Zuhura: Maana yake gari bado ni ya benki pia Mama. Labda amebakisha kidogo, labda kingi. Aseme. Asipotaka kusema, nalo ni jibu.

[21:37] Salim: Nimepimwa. Uzito wote sawa, lakini ekseli za nyuma zimezidi, walipakia vibaya. Kontena ina sili, siwezi kufungua nipange upya. Nimewekwa yadi.

[21:38] Mama: Pole mwanangu. Nani alipa faini hiyo?

[21:38] Salim: Tajiri. Nimempigia, ashaanza kutukana.

[21:39] Rehema: Na ingekuwa yako?

[21:48] Salim: Nimeona.

[21:50] Salim: Mama, shamba liache. Tajiri nitamwambia tuende naye benki, aonyeshe kilichobaki, kisha tukae upya na bei. Akikataa naendelea na usukani wake. Ami nitakuja Ijumaa baada ya swala, nataka uniambie ile ya kwako yote, na yale usiyotaka mjukuu ayaandike.

[21:51] Ami Juma: Njoo. Nyumbani utapata samaki

[21:52] Shangazi Fatuma: Salim na mchango wa arusi usisahau

[21:55] Salim: Mama Nasra leo nalala Mariakani. Kaandike.

[21:56] Rehema: Nishaandika. Siku za kusimama ziko ukurasa wa nyuma, na umekaribia kujaa.