Eti "umeiua terminali yangu"! Mbele ya watu wote!

Wakuu, nimetoka kudhalilishwa sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnamjua. Yule anayekagua programu zangu, aliyezaliwa ameshika kibodi.

Siku tatu sijalala, naandika kiteja kidogo cha telnet, ile njia ya kale ya kuingia kompyuta ya mbali: kinafungua soketi, yaani mlango wa programu kwenye mtandao, kinaunga poti 23 ya seva, ninachoandika kinakwenda kwa seva, majibu yanarudi kwenye skrini. Na kinafanya kazi! Nimeweka poll, inayotazama vyote viwili kwa pamoja, ili kungoja kibodi kusizibe soketi. Baiti 255, alama ya telnet kwamba amri inafuata, ikija naisubiri amri yake. Seva ikisema DO ("fanya"), naijibu WONT ("sifanyi") kwa adabu zote. Hakuona hata kimoja. Kaizima seva makusudi, programu ikatoka, akaandika ls kwenye terminali, dirisha lake la amri, herufi hazionekani. Akasimama: "Umeiua terminali yangu!" Kwa sauti ya msiba! Dawa yake amri ya stty sane, herufi nane tu, na anaijua. Lakini hapana, "umeiua", mpaka waliokuwa kwenye simu wakageuka.

Kibodi Moto: Pole mkuu. read iliporudisha 0, yaani seva imefunga, ulifanyaje?

Mwenye uzi: Nikaita exit(1), programu itoke. Lakini "umeiua"? Mbele ya watu?

Kibodi Moto: Hukurudisha kwa tcsetattr mipangilio ya terminali uliyoibadilisha? Hahaha, basi umeiua kweli! Hifadhi mipangilio hiyo (termios) mwanzoni, usajili kwa atexit kazi ya kuirudisha programu ikitoka, ufute machozi.

Mla Baiti: Huyo wako malaika. Wangu alinitesti kwa seva inayotuma 255 peke yake, amri ikaja kwenye read inayofuata. Nikala takataka skrini nzima. TCP, njia inayobeba baiti zako, haijui ujumbe wako unaanzia wapi, wala haijali.

Fungafunga: Telnet ya nini? Kanuni yake, RFC 854, ni ya 1983, nywila inapita uchi bila kufichwa. Tumieni SSH, inayoificha.

Mla Baiti: Nani kakuuliza SSH? Mtu anajifunza soketi.

Dirisha Bovu: Nyie mna raha. Kwenye Windows select, ndugu wa poll, inapokea soketi tu, kibodi haiitaki. Ilibidi programu iwe na nyuzi mbili (threads), moja ya kibodi, moja ya soketi.

Kibodi Moto: Nyuzi mbili za nini? WaitForMultipleObjects, inayongoja vitu vingi pamoja, umeikosa?

Dirisha Bovu: Umewahi kuitumia wewe, au umeisoma tu?

Mwenye uzi: Jamani, kasema "umeiua" mbele ya watu wote...

Kibodi Moto: Ngoja kwanza mkuu. Dirisha, weka msimbo wako hapa tuuone.