Re: Mtoto na Mariners, naomba ushauri

Kutoka: Mama Mapacha, Kent

Wanajumuiya, hamjambo nyote.

Nina jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo. Mmoja wa mapacha wangu, yule wa kiume, yuko darasa la tano na mwaka jana mzima alikuwa na timu ya besiboli ya hapa Seattle, Mariners, kichwani. Nyumbani sisi ni watu wa soka, baba yao ni Yanga damu, besiboli hatukuijua kabisa. Oktoba ile walipotolewa na Toronto, mtoto alilia mpaka akalala bila kula, na asubuhi nilimbembeleza sana ndipo akaenda shule. Baba yake alimwambia huo ni mchezo tu, akazidi kulia.

Sasa msimu mpya unakaribia. Wenye uzoefu naomba mniambie: mchezo unaochezwa karibu kila siku mtu anaufuataje bila kuharibu usingizi, shule na mfuko? Na uwanjani tutampelekaje kwa pesa ya kawaida?

Asanteni.

---

Kutoka: Mjomba wa Burien

Mama Mapacha, salamu nyingi kwako na kwa shemeji.

Usimwone mtoto kuwa amezidisha. Mimi ni mtu mzima, na jioni ile ya tarehe 20 Oktoba 2025 sikutaka kusema na mtu. Tulikuwa tunaongoza 3-1. Ilikuwa iningi ya saba, yaani awamu ya saba kati ya tisa, wamebaki wapigaji wanane tu wa Toronto wa kutolewa ili tuingie World Series, fainali ya ligi kuu. George Springer akaupiga mpira ukavuka uzio, wenzake wawili wakiwa kwenye besi, vile vituo vya kukimbilia, wakaingia wote watatu, ikawa 4-3, na ikaisha hivyo hivyo. Timu hii ilianza mwaka 1977. Ligi kuu ina timu 30, na Mariners peke yao ndio hawajawahi kufika World Series. Mtoto anayeyajua hayo ana haki ya kulia.

Hasira yangu niiseme kabisa: Andrés Muñoz, mrushaji wetu wa kufunga mechi, yule anayeingia mwishoni, alikuwa amekaa pembeni wakati mpira ule unapigwa. Kocha Dan Wilson alimwingiza Eduard Bazardo. Mpaka leo naamini pale palihitaji Muñoz, hata kama ilikuwa bado mapema kwake.

Shemeji namheshimu, ila akumbuke nyumba inavyokuwa kimya Yanga ikifungwa na Simba. Kinachotofautiana ni ratiba. Simba na Yanga kwenye ligi wanakutana mara mbili, kwa hiyo kipigo kimoja unakibeba miezi. Mariners wanacheza mechi 162 kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Septemba. Mwaka 2001 walishinda mechi 116, rekodi ya ligi waliyoifikia sambamba na Chicago Cubs wa 1906, na bado walifungwa mara 46. Mwaka jana walishinda 90 wakafungwa 72, wakawa mabingwa wa kundi lao kwa mara ya kwanza tangu huo huo 2001. Mtoto azoee hesabu hiyo mapema. Timu nzuri sana hufungwa, tena hufungwa wiki nzima, na kesho yake inavaa jezi.

Kwetu tuna utaratibu. Wakifungwa, tunaizungumza mechi wakati wa kuosha vyombo: nani alikosea, nani alijitahidi, mrushaji aliachwa muda mrefu mno au vipi. Vyombo vikiisha, tumemaliza. Imewasaidia wanangu kuliko kuambiwa wasijali.

Lakini pia msimwambie kwamba mechi ya Aprili haina maana. Mwaka 2023 na mwaka 2024, miaka yote miwili, Mariners walikosa mchujo, mechi za Oktoba za kutafuta bingwa, kwa tofauti ya mechi moja. Moja! Kila nikikumbuka ile 2023 naona mechi za masika tulizozitupa mkononi. Kwa hiyo mtoto anayekasirika mwezi wa nne anaelewa anachokitazama.

Na furaha msimnyime. Baada ya 2001 tulikaa miaka ishirini bila kuonja mchujo, mpaka tarehe 30 Septemba 2022, Cal Raleigh alipoingia kama mpigaji wa akiba dhidi ya Oakland, iningi ya tisa, matokeo 1-1, akaupiga mpira ukavuka uzio, tukaingia. Niliruka mpaka watoto waliolala wakaamka. Raleigh huyo huyo mwaka jana alipiga homurani 60, yaani mipira ya kuvuka uzio, na kazi yake ni mdakaji, anayechuchumaa nyuma ya mpigaji mechi nzima. Hakuna mdakaji aliyewahi kufika huko. Kisha ikaja mechi ya tano ya mchujo na Detroit, tarehe 10 Oktoba, iningi 15, karibu saa tano za mchezo, mpaka Jorge Polanco alipomaliza, 3-2. Wiki moja baadaye Toronto walikuwa wanatuongoza 2-1 hapa nyumbani, iningi ya nane. Raleigh akasawazisha, halafu Eugenio Suárez akapiga homurani besi zote tatu zikiwa na watu. Mtaani kwangu watu walitoka nje. Jirani yangu mzee, ambaye miaka yote tulipungiana mikono tu, alikuja mpaka mlangoni akaanza kunisimulia 1995, jinsi Edgar Martínez alivyopiga ule mpira na Ken Griffey Jr. akakimbia kutoka besi ya kwanza mpaka besi ya nyumbani kuwatoa Yankees wa New York. Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa majina, na theluji ikianguka ananisafishia njia ya mbele.

Sasa uliyoyauliza.

Usingizi: mechi za nyumbani siku za kazi mara nyingi zinaanza kama saa moja kasoro dakika 20 jioni. Tangu walipoweka saa ya kumhesabia mrushaji muda wa kurusha, mwaka 2023, mechi zimefupika, nyingi zinaisha baada ya saa tatu usiku. Kwa mtoto wa darasa la tano, aishie iningi ya nne au ya tano, matokeo atayakuta asubuhi. Timu ikiwa New York, Boston au Toronto, hapa kwetu ni kama saa kumi alasiri. Hizo ndizo mechi zake, kazi ya shule ikiwa imekwisha. Redio haina gharama, 710 AM. Ya televisheni msikimbilie kulipia chochote sasa. ROOT Sports, chaneli iliyokuwa ikionyesha mechi, ilifungwa baada ya msimu wa 2025 na ligi yenyewe inachukua utangazaji, kwa hiyo angalieni kwanza kwenye tovuti ya timu.

Uwanjani: chagueni Jumatatu hadi Alhamisi, Aprili au Mei, viti vya ghorofa ya juu. Bei inapanda kulingana na mgeni, Yankees na Dodgers ni ghali. Tiketi ziko kwenye simu, nunueni kwa timu wenyewe, si kwa watu wanaosimama barabarani. Chakula kutoka nyumbani T-Mobile Park, uwanja wa Mariners, wanaruhusu, na chupa za maji ambazo hazijafunguliwa. Sisi tunabeba sambusa na mahamri. Paa linazuia mvua lakini haliwashi joto, pembeni pako wazi, kwa hiyo majaketi hata kama mchana kulikuwa na jua.

Gari liacheni. Nyie wa Kent mmebahatika, tangu Desemba treni inafika mpaka Federal Way na kituo cha Kent Des Moines kiko wazi. Mkubwa ni dola 3, na watoto wote mpaka miaka 18 wanapanda bure katika jimbo hili. Mnashuka kituo cha Stadium, mnatembea kidogo. Juni na mwanzo wa Julai pangeni kwa uangalifu, kwa sababu uwanja wa jirani, Lumen Field, utakuwa na mechi sita za Kombe la Dunia.

---

Kutoka: Dada Nesi, Tukwila

Shikamoo Mjomba. Mama Mapacha, pole na mtoto.

Mimi nafanya zamu ya usiku, mechi nyingi za nyumbani zinanikuta kazini. Usiku ule wa iningi 15 wodi nzima ilikuwa inafuatilia, na mimi mgeni wa juzi nilijikuta naulizwa maoni yangu kuhusu warushaji. Wenzangu waliokuwa wananiogopa kwa ajili ya lafudhi yangu sasa wananisubiri mapumziko ya chai tuzungumze.

Kuhusu Muñoz sikubaliani na wewe, Mjomba. Bazardo alikuwa ametubeba msimu mzima, na watu wawili walioingia besi waliachwa na Bryan Woo, mrushaji aliyemtangulia, Bazardo hakuwaweka. Ukimlaumu mtu mmoja kwa mpira mmoja unamwonea.

Mama Mapacha, neno langu ni hili: timu ikifungwa, mtoto asikae na simu kusoma maoni ya watu. Niliyoyasoma usiku ule kuhusu Bazardo yalikuwa ya kikatili, ya kumtukania mpaka familia. Hayo ndiyo yanayomuumiza mtoto, kuliko hata kufungwa.

---

Kutoka: Kaka wa Kampala, Renton

Ndugu zangu, mimi naongeza moja tu. Mtoto huyo mwandikisheni acheze. Ligi za watoto za mitaa zinaandikisha wakati huu wa baridi kwa ajili ya masika, na ukiuliza, nyingi zina msaada wa ada kwa familia. Glavu msinunue mpya, maduka ya mitumba yanazo, tena za mtumba zimeshalainika.

Na mwambieni habari ya watoto wa Lugazi, Uganda. Mwaka 2011 timu ya Uganda ilifuzu kuja Williamsport, hapa Marekani, kwenye mashindano ya dunia ya Little League, besiboli ya watoto, ikakosa viza. Mwaka 2012 Lugazi wakafuzu, wakaja, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale. Siku ile nililia mbele ya televisheni. Mtoto wa Kiafrika na besiboli si wageni kwa kila mmoja.

---

Kutoka: Mama Mapacha, Kent

Mjomba, Dada, Kaka, Mungu awabariki. Nimemsomea mtoto yote. Ya Lugazi ameniomba nirudie, na ya Bazardo amesema yuko upande wa Dada Nesi. Baba yake ameuliza kama mahamri yanaingia kweli uwanjani, nadhani tumempata.

Tunaweza kwenda pamoja Aprili?

---

Kutoka: Mjomba wa Burien

Marahaba kwa wote. Dada Nesi, ubishi wa Muñoz tutaumalizia uwanjani.

Mama Mapacha, tunaenda. Ratiba ya Aprili nimeiangalia, nitapendekeza Jumatano moja ya mchana ili watoto wawe nyumbani mapema. Anayekuja aniandikie kabla ya Jumapili hii, aseme wakubwa wangapi na watoto wangapi, ninunue viti vya mstari mmoja. Wa Kent na Federal Way pandeni treni huko kwenu, sisi wengine tutaingilia Tukwila, behewa la mbele.