Naomba ushauri: Jarida lililotangaza chuo kisichosajiliwa linabanwaje?

Habari za kazi wadau. Mpwa wangu wa kike, kamaliza kidato cha nne Kibaigwa, aliona kwenye jarida moja tangazo la ukurasa mzima la chuo cha ufundi hapa Dodoma mjini: ushonaji, umeme wa majumbani, "cheti kinatambulika na serikali". Dada kauza alizeti, kalipa ada ya muhula. Kufika, chuo chenyewe ni fremu mbili za maduka Nkuhungu na vyerehani vitano, viwili havina hata mkanda. Namba ya usajili iliyochapishwa tumeiuliza NACTVET, baraza la serikali linalosajili vyuo vya ufundi, haipo. Mwenye chuo hapokei simu.

Huyo tutahangaika naye polisi. Kinachonikera ni jarida. Meneja wao wa matangazo ananiambia wao wanauza nafasi, ukweli wa tangazo ni wa mteja. Sawa, sitegemei wakague madarasa. Lakini kuomba nakala ya cheti cha usajili kabla ya kupokea hela ni kazi ya dakika ngapi? Na toleo jipya limetoka, tangazo lipo palepale, wakati malalamiko yangu wanayo mezani!

Najua Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kupotosha wateja, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo inaisimamia. Je, inamgusa na mchapishaji, au mwenye chuo tu? Nianzie FCC, au nimwandikie kwanza mhariri mwenyewe? Aliyewahi kupambana na jambo la namna hii anielekeze, hasa kuhusu kurudishiwa ada.