Wakuu, tangazo la TSO lililopitwa na wakati linangoja nini kufutwa?

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Ninyi mnaosimamia z/OS (mfumo endeshi wa kompyuta kubwa za IBM) mnatuchosha.

Mtu anaingia TSO (sehemu ya z/OS ambamo watumiaji hufanyia kazi) asubuhi, kabla hajaiona menyu ya kazi ya ISPF anamwagiwa matangazo ya matengenezo yaliyokwisha zamani. Skrini ikijaa zinatoka nyota tatu ***, anabonyeza Enter, zinatoka tena. Kesho yake ameshajua dawa: kwenye paneli ya LOGON anaweka S mbele ya -Nonotice (usinionyeshe matangazo). Basi, huyo mmeshampoteza. Siku mtambo unazimwa kweli hana habari, na lawama mnamtupia yeye.

Na kufuta ni kazi ndogo! Nenda konsoli ya opereta, piga SE LIST (SE ni kifupi cha SEND), kila tangazo lililomo SYS1.BRODCAST, faili yanamohifadhiwa (ndiyo, bila A, msihangaike kulisahihisha) litakuja na namba yake. Namba 3 imepitwa? SE 3,DELETE. Kisha weka jipya:

SE 'MATENGENEZO JUMAMOSI SAA 22:00, FUTA JUMAPILI',SAVE

Hilo neno FUTA ni la opereta wa zamu, asilazimike kumpigia mtu simu usiku. Ujumbe usizidi herufi 115. Mkisahau SAVE, ujumbe unawafikia waliomo ndani saa ile tu, halafu mnaapa kwamba mlitangaza. Na kwa wanaoandika Kiswahili: DISKI IMENG'OLEWA itawavurugia amri, kwa sababu alama ya ng' inafunga maandishi katikati. Irudieni mara mbili: IMENG''OLEWA.

Sasa aibu kubwa, USSMSG10, ile skrini ya kwanza kabisa kabla mtu hajaandika jina. Kuna sehemu bango linasomeka @@@@DATE hivyo hivyo, kama mtu alipandisha rasimu. Kwenye jedwali lenye bango hilo mmeandika BUFFER=MSG10 badala ya BUFFER=(MSG10,SCAN), kwa hiyo hakuna anayeibadilisha kuwa tarehe. Kwingine onyo la kisheria limekatika katikati ya sentensi: mtu kaongeza mstari, urefu ulioandikwa kwa mkono mwanzoni mwa bafa (eneo la maandishi ya bango) kauacha ule ule. Kwa nini uhesabu kwa vidole? Andika AL2(MWISHO-MWANZO), asembla (programu inayogeuza msimbo wa jedwali kuwa lugha ya mashine) ihesabu yenyewe. Na maneno yasifike safu ya 72. Herufi yoyote pale inaiambia asembla kwamba mstari unaofuata ni mwendelezo.

Halafu utasikia, "nimebadilisha lakini bado naona la zamani." Bila shaka! VTAM, programu ya mawasiliano ya z/OS, ina jedwali la zamani kwenye kumbukumbu mpaka utoe MODIFY TABLE yenye OPTION=LOAD. Kwa wanaoingia kupitia TN3270 (terminali ya IBM juu ya mtandao wa TCP/IP), jedwali linatajwa na USSTCP kwenye profaili (faili ya mipangilio) yake, kwa hiyo fanya F LLA,REFRESH kama liko linklist (orodha ya maktaba za programu za mfumo), kisha amri ya OBEYFILE ili profaili isomwe upya. Waliokwisha kuunganishwa wanabaki na la zamani, kwa hiyo usijaribie kwenye dirisha ulilolifungua tangu asubuhi. Lifunge, uunganishe upya.

Kabla hujaja kunijibu hapa kwa hasira, piga SE LIST kwako, utuambie yametoka mangapi.