Re: Pa kuwapeleka watoto likizo ya Oktoba, karibu na Sheffield

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Tumehamia Sheffield mwaka huu. Shule zinafunga wiki moja mwezi Oktoba na watoto wamechoka kukaa ndani. Tunaomba mahali pa karibu, pasipo gharama kubwa, penye jambo la kujifunza. Hatuna gari.

*

Dada, karibuni sana. Nendeni Eyam, kijiji cha Derbyshire ndani ya Peak District. Kuna basi kutoka mjini, ila tazameni saa za kurudi kabla hamjaondoka. Wenye miguu mizuri hushuka treni Grindleford, kwenye reli ya Manchester, wakapanda kilima.

Mwaka 1665 mshonaji wa hapo aliletewa furushi la vitambaa kutoka London, na inasimuliwa kwamba viroboto wa tauni waliingia nalo. George Viccars, aliyefanya kazi kwa mshonaji huyo, alikufa Septemba. Kiangazi cha 1666 maradhi yalipopamba moto, kasisi William Mompesson na mtangulizi wake Thomas Stanley, ambao kidini hawakuwa upande mmoja, waliwaomba wanakijiji wasitoke, ili vijiji jirani vipone. Wakakubali. Hapo ndipo nataka watoto wenu wasimame wafikiri.

Msiishie kanisani. Tembeeni hadi mipakani, maana ardhi yenyewe inaeleza. Kaskazini kuna mlima wa Eyam Edge, na huko juu kipo kisima cha Mompesson ambako watu wa nje waliacha chakula. Kusini, kwenye njia ya kuteremkia Stoney Middleton, lipo jiwe lenye matundu. Sarafu za malipo zilitiwa humo ndani ya siki, wakiamini inaua ugonjwa. Waacheni watoto waingize vidole.

Ibada zilihamishiwa nje, kwenye bonde la Cucklet Delf, na kila familia ilizika watu wake. Pale Riley, nje kidogo ya kijiji, kuna makaburi ya kina Hancock: Elizabeth alimzika mumewe na watoto sita kwa siku nane, Agosti 1666. Kila nikifika hapo nashindwa kusema neno. Catherine, mke wa Mompesson, alifariki mwezi huohuo, na kaburi lake liko uani kwa kanisa, karibu na msalaba wa mawe wa zama za Wasaksoni. Hesabu inayotajwa zaidi ni wafu 260.

*

Naunga mkono, nami naongeza mawili. Milima ile ilichimbwa madini ya risasi kwa karne nyingi na mashimo ya zamani bado yapo, kwa hiyo watoto wasiache njia. Pia makumbusho ya kijiji hufungwa majira ya baridi, hakikisheni siku kwanza. Mkikosa Oktoba, Jumapili ya mwisho ya Agosti hufanyika ibada ya kuwakumbuka wale wa tauni, na wageni hukaribishwa. Bebeni makoti ya mvua.